Barua ya muhali si kipimo cha udahili

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, barza zetu hugeuka ofisi za udahili kwa wiki kadhaa. Safari hii kauli inayozunguka ni moja: vyuo siku hizi haviangalii alama tu. Wanaoisema hawakosi mifano. Tawi la IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, lililofunguliwa Bweleo hapa Zanzibar mwaka 2023 huwapitisha waombaji wa shahada yake ya kwanza kwenye mtihani wake wenyewe wa mchujo, kisha usaili. Vyuo vingi vya Marekani vinataka insha, barua za walimu na orodha ya shughuli za nje ya darasa. Uingereza nako, maelezo binafsi ya mwombaji, yaliyokuwa insha moja ndefu, yamegawanywa kuwa maswali matatu kuanzia wanaoingia chuoni 2026. Kutokana na hayo watu wametoa hukumu mbili zinazogombana. Kundi moja linafurahi: mtoto wangu hakufaulu vizuri, lakini ana kipaji na anajua kuzungumza, basi atapata. Kundi jingine linaguna: hapo ndipo watoto wa wakubwa watakapopitishwa.

Naona makundi yote mawili yamekosea kitu kilekile. Hicho kinachoangaliwa zaidi ya alama si punguzo la alama. Ni mtihani wa pili juu ya ule wa kwanza, na tofauti yake kubwa ni kwamba silabasi yake haijabandikwa ukutani. Mtihani huo unaweza kumwinua mtoto wa Micheweni, kule Pemba, au kumdidimiza zaidi, kutegemea chuo kinauliza nini. Kikiuliza alisoma katika mazingira gani na alifanya nini kwa alichokuwa nacho, kinaongeza haki. Kikiuliza nani anamsifu, basi katika visiwa hivi ambavyo kila mtu ni jamaa wa mtu, kinafungua mlango ambao tutajuta kuufungua.

Tuanze na kwetu. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, mhitimu wa kidato cha sita wa miaka hii anatakiwa awe na ufaulu mkuu katika masomo mawili yanayohusiana na programu anayoomba, yenye jumla ya pointi zisizopungua 4, ambapo A ni 5 na E ni 1. D mbili, kwa maana hiyo, zinavuka kizingiti. Baada ya hapo kila programu ina masharti yake, na waombaji wakizidi nafasi, pointi ndizo zinazowapanga. Kuanzia 2010 maombi yalipita kwenye mfumo mmoja wa pamoja. Tangu 2017 mwanafunzi anaomba moja kwa moja chuoni, iwe SUZA ambacho ni chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, au Zanzibar University pale Tunguu, au SUMAIT ya Chukwani, au vyuo vya ng'ambo ya pili, yaani Bara. Mlango umebadilika, mizani imebaki ileile. Ni mfumo mkavu, na ukavu wake una sababu: mtahiniwa anaandika namba, haandiki jina, na msahihishaji hajui kama karatasi iliyo mbele yake ni ya mtoto wa waziri au ya mtoto wa mvuvi wa Makoongwe. Hilo si jambo dogo katika nchi inayokumbuka kwamba elimu ilitangazwa bila malipo tarehe 23 Septemba 1964 kwa sababu kabla ya hapo skuli ilikuwa na wenyewe. Wazee wanakumbuka pia kwamba baada ya hapo ulifika wakati nafasi za sekondari zikagawiwa kwa kuangalia asili ya mtoto. Kwa mtu aliyeona yote mawili, namba ya mtahiniwa ni kimbilio.

Lakini si kweli kabisa kwamba hatuangalii kingine. Hali ya nyumbani tunaiangalia, ila tunaiangalia upande wa fedha. Bodi za mikopo, ile ya Muungano na ile ya Zanzibar iliyoundwa kwa sheria ya 2011, zinapima uhitaji wa mwombaji: uwezo wa wazazi, na kama mtoto ni yatima. Maana yake serikali inakiri kwamba umaskini unaweza kumzuia kijana kulipa ada. Isichouliza ni kama umaskini huohuo ndio uliomfanya apate D pale ambapo angepata B. Mtoto anakuwa maskini siku ya kuomba mkopo, lakini siku ya kuomba nafasi anahesabiwa kama aliyesoma sawa na wenzake wote.

Sasa huko tunakotolea mifano. Chuo cha Marekani kinachochagua sana huanza na alama: si za mtihani mmoja wa mwisho, bali za miaka yote ya sekondari, pamoja na ugumu wa masomo aliyochagua mwanafunzi. Kisha ndiyo huja insha, ambayo katika fomu ya pamoja inayotumiwa na mamia ya vyuo haizidi maneno 650. Orodha ya shughuli zisizozidi 10. Barua za walimu. Na pengine usaili. Kwa mwanafunzi wa kutoka nje kuna kigezo kingine ambacho wapeleka habari wa barzani hukisahau, nacho ni pesa. Ni vyuo vichache tu, Harvard, Yale, Princeton na MIT vikiwemo, vinavyosema havitazami uwezo wa mgeni wa kulipa wakati wa kuamua kumchukua au kumwacha. Vingine vingi vinatazama. Kijana wa Wete mwenye insha ya kutoa machozi anaweza kukataliwa kwa sababu tu anahitaji kulipiwa kila kitu, na barua ya kumkataa haitasema hivyo.

Kuna karatasi nyingine katika bahasha hiyo ambayo sijaisikia ikitajwa hata mara moja, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Skuli ya mwombaji hutuma maelezo yake yenyewe: ina wanafunzi wangapi, inafundisha masomo gani, haifundishi yapi, wahitimu wake kwa kawaida hupata alama gani. Ofisa wa udahili anasoma alama za kijana akiwa na karatasi hiyo pembeni. Aliyeshika nafasi ya pili katika skuli isiyo na maabara hasomwi sawa na aliyepata alama hizohizo katika skuli yenye kila kitu. Hapo hakuna anayempunguzia mtu alama. Ni kusoma alama ilivyo, pamoja na mahali ilipotoka.

Wale wanaodai kwamba dunia imeachana na mitihani ndio wenye hoja dhaifu kuliko zote, tuimalize haraka. Ni kweli kwamba mwaka 2020, korona ilipofunga vituo vya mitihani, vyuo vingi vya Marekani viliacha kulazimisha SAT na ACT, mitihani ya kuombea vyuo. Kisha MIT ikairudisha mwaka 2022, na mwaka 2024 Dartmouth, Yale na Harvard zikafuata. Sababu walizotoa zingewashangaza mashabiki wa vipaji visivyopimika: bila mtihani, waliwakosa watoto wa maskini. Dartmouth iligundua kwamba waombaji wa skuli dhaifu walikuwa wakificha alama ambazo, kwa kulinganisha na mazingira yao, zingewasaidia kuingia. Mtoto wa tajiri bila mtihani ana insha iliyopitiwa na mtaalamu wa kulipwa, ana safari za kujitolea, ana mkufunzi wa mchezo usiochezwa popote penye vumbi. Mtoto wa maskini akiondolewa mtihani anabaki na nini? Utafiti wa mchumi Raj Chetty na wenzake uliotolewa 2023 ulionesha kwamba kati ya vijana wenye alama sawa za mtihani, wanaotoka katika asilimia 1 ya familia tajiri zaidi walikuwa na nafasi zaidi ya mara mbili ya wale wa tabaka la kati ya kuingia katika vyuo vile vya juu kabisa. Tofauti hiyo ilitokana kwa sehemu kubwa na vigezo visivyo vya mitihani, hasa upendeleo kwa watoto wa waliosoma hapohapo.

Historia ya vigezo hivyo inafaa kutufanya wazito wa kuiga. Miaka ya 1920 rais wa Harvard, A. Lawrence Lowell, aliona wanafunzi Wayahudi wamekuwa wengi mno kwa ladha yake. Alijaribu kuwawekea kiwango waziwazi, akakataliwa. Basi chuo kikaanza kupima tabia na haiba, kikataka picha na barua, na Wayahudi wakapungua bila kutajwa popote. Kipimo kilichozaliwa kwa ajili ya kuwatoa watu ndicho leo kinachouzwa kama kipimo cha kuwaingiza. Na mwaka 2019 waendesha mashtaka wa Marekani walianika jinsi wazazi matajiri walivyomlipa mtu mmoja awatengenezee watoto wao hadhi ya uanamichezo katika michezo wasiyoicheza. Mtihani pia uliibiwa katika kashfa hiyo, tusidanganyane, lakini mlango wa michezo ndio uliokuwa rahisi zaidi, kwa kuwa aliyepaswa kuthibitisha alikuwa kocha mmoja.

Lakini kwa nini twende mbali? Tanzania imeshawahi kuangalia zaidi ya alama, kwa amri. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba kijana hataingia chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Baada ya Jeshi la Kujenga Taifa atafanya kazi angalau miaka miwili, kisha alete maoni ya mwajiri na ya chama kuhusu mwenendo wake. Lilikuwa azimio la TANU, na huku Zanzibar kulikuwa na chama cha ASP hadi vyama viungane Februari 1977, lakini chuo kikuu nchini kilikuwa kimoja tu, cha Dar es Salaam, mpaka Sokoine ilipoanzishwa 1984. Mzanzibari aliyetaka shahada bila kwenda nje alipita mlango huohuo.

Nia ya Musoma haikuwa mbaya, na wanaoicheka leo hawaitendei haki. Chuo kikuu kilikuwa kikitoa wasomi walioiona kazi ya mikono kama adhabu. Viongozi walitaka mtu mzima anayejua kwa nini anasoma. Mwenye miaka 25 aliyeshika chaki vijijini au aliyefanya kazi kiwandani pengine alikuwa mwanafunzi bora kuliko wa miaka 19. Mlango ule wa watu wazima, kwa sura nyingine, tunao hadi leo: TCU ina mtihani wa kutambua elimu na ujuzi mtu aliopata kazini, na huo ni mfano mzuri wa kuangalia zaidi ya cheti, kwani unampima mwombaji mwenyewe. Kilichoharibika katika Musoma kilikuwa sehemu mbili nyingine. Ya kwanza, wanawake walipungua chuoni, kwa sababu miaka miwili au mitatu ya kusubiri ilikuwa ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa. Haukupita muda mrefu ikabidi waondolewe sharti hilo. Ya pili, zile barua. Kijana aliyejua kwamba mwajiri na katibu wa tawi wanashika kalamu ya hatima yake alijifunza kuwapendeza mwajiri na katibu wa tawi. Kama kuna kilichopimwa hapo, kilikuwa utii. Miaka ya themanini sharti zima likafifia na kuondoka.

Barua, basi. Kwetu barua ya kumwelezea mtu tunaijua vizuri. Mara ngapi umeambiwa nenda kwa sheha kwanza? Na tunajua pia kitu ambacho vyuo vya Boston havina neno lake, muhali: ile haya ya kumkatalia mtu unayejuana naye. Sensa ya 2022 ilihesabu Wazanzibari chini ya milioni 2. Mwalimu anayeombwa barua ni jirani wa mama wa mwombaji, amesali naye, amekula biriani ya harusi nyumbani kwao, na kesho atamkuta kwenye boti ya Mkoani wamekaa kiti kimoja. Ataandika nini? Niliposomesha sekondari, mwezi mmoja niliandika barua kumi na moja za namna hiyo. Nilizisoma tena baadaye kwenye kompyuta ya skuli: zote zilisema kijana ni mwenye bidii, nidhamu na ushirikiano. Wanne kati yao nilikuwa siwakumbuki sura. Sikupokea hata shilingi. Sikuweza tu kumwambia mtu hapana. Barua isiyoweza kukataliwa haipimi chochote, na ofisa wa udahili anayezisoma barua zetu kutoka mbali ama atazipuuza zote, ama ataamini iliyoandikwa kwa Kiingereza kizuri zaidi. Na Kiingereza kizuri zaidi kiko skuli gani, sote tunajua.

Hapa wenye kuguna watasema: umeshakubali, tubaki na alama tupu. La. Hoja yao ina nguvu hadi pale wanaposema kwamba alama hazina upendeleo, maana hapo wanachanganya usahihishaji na usomaji. Karatasi inasahihishwa bila jina, ni kweli. Lakini haikuandikwa bila historia. Kijana aliyesoma fizikia kwa mwalimu wa kudumu, akafanya majaribio kwa mikono yake, akaenda tuisheni jioni mjini, anafika kwenye chumba kilekile cha mtihani na kijana aliyeyaona majaribio hayo ubaoni tu. Mwaka wa mavuno makubwa ya karafuu, nyumba nyingi za Pemba huhitaji kila mkono unaoweza kupanda mti au kuchambua makonyo, na mkono huo mara nyingi ni wa mwanafunzi. Msichana anayerudi nyumbani kupika na kulea wadogo zake anasoma saa anazobakishiwa. Wote hawa wanatahiniwa kwa Kiingereza ambacho wengine wamekisikia darasani tu. C ya huyu na C ya yule zimeandikwa kwa herufi moja, hazikununuliwa kwa bei moja. Kuzisoma kama kitu kimoja ni uamuzi pia.

Ndiyo maana sishangilii barua, lakini nashangilia ukurasa wa maelezo ya skuli. Na nashangilia, kwa tahadhari, swali la shughuli, kwa sababu vijana wetu wanalijibu vibaya bila sababu. Ukimwuliza kijana wa Konde ana shughuli gani nje ya darasa, anasema hana. Anadhani wanauliza klabu ya midahalo na piano. Kumbe tangu ana miaka kumi na minne anasomesha watoto wadogo madrasa baada ya alasiri. Msimu wa karafuu ndiye anayeshika daftari la familia, kuandika kila mchumaji amechuma pishi ngapi na kupatanisha hesabu kabla mzigo haujapelekwa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Dada yake wa Unguja, upande wa mashariki, amekua akifunga mwani kwenye kamba na anajua maji ya bamvua na ya mbande kuliko kitabu chochote cha jiografia. Fomu ya pamoja ya Marekani ina nafasi ya kazi za kulipwa na ya majukumu ya nyumbani, imeandikwa humohumo kwenye orodha. Moja ya maswali matatu mapya ya Uingereza linauliza amejiandaa vipi nje ya masomo, na waliofanya mageuzi hayo walieleza kwamba insha huria iliwapendelea wenye watu wa kuwasaidia kuiandika. Swali lililonyooka humsaidia asiyekuwa na mtu wa kumnong'oneza kinachotakiwa. Insha zenyewe, sasa ambapo programu za akili bandia zinaziandika kwa dakika moja, sioni zitabaki na uzito kwa muda gani.

Usaili je? Unafaa ukifanywa kama mtihani: maswali yaleyale kwa kila mmoja, wasaili zaidi ya mmoja, alama zinaandikwa kabla hawajazungumza wenyewe kwa wenyewe, na mwombaji anaambiwa mapema kitakachopimwa. Usaili wa kupiga soga, wa "mtoto wa nani wewe?", ni barua ya muhali iliyovaa suti.

Kwa vyuo vyetu sipendekezi mapinduzi. Kizingiti cha TCU kibaki. Alama ziendelee kupanga sehemu kubwa ya nafasi. Lakini katika programu zenye ushindani, pale waombaji wanapofungana au kupishana kwa pointi moja, chuo kama SUZA, ambacho kina kampasi mpaka Mchanga Mdogo kule Pemba, kinaweza kuamua kwa kuangalia mwombaji amesimama wapi ndani ya skuli yake mwenyewe, kikatangaza kanuni hiyo kabla ya dirisha kufunguliwa na kutoa takwimu baada ya kufungwa. Hakuna anayehitaji kujulikana na mtu. Hakuna barua. Wazazi nao waache kununua vyeti vya mafunzo ya uongozi ya siku mbili. Vinakula nauli na havimwelezi ofisa yeyote makini chochote.

Ukurasa wa skuli haugharimu kitu. Idadi ya walimu wa kila somo la sayansi, kama kuna maabara inayofanya kazi, watahiniwa wangapi walikaa na walipata nini: mkuu wa skuli anazo taarifa hizi mezani kwake. Ugumu uko kwingine. Maalim mkuu anayeandika kwamba skuli yake haina maabara, akapiga mhuri na kuupeleka ukurasa nje, anajiona anaanika aibu ya wakubwa zake, na muhali uleule ulioniandikisha barua kumi na moja utamfanya yeye aandike kwamba maabara ipo, inakarabatiwa. Hapo wizara ndiyo inayotakiwa itamke mwanzo, kwa waraka wenye saini, kwamba sentensi kama "hatujapata mwalimu wa fizikia tangu Januari" ni taarifa ya udahili, na atakayeiandika hataitwa ofisini kuulizwa alikusudia nini.